Sura ya 7: Nikisafiri, Nyoka Atabaki na Nani?

Anayefikiria kufuga nyoka huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: nikisafiri, atakula nini? Ni swali la haki, kwa kuwa mifugo tuliyoizoea inadai chakula kila siku ya Mungu. Mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba hulia mpaka mtaa mzima usikie. Kuku wasiotupiwa punje asubuhi huhamia kwa jirani, na mbwa mwenye njaa hufunua sufuria. Kwa kuwazoea hao tunamhesabu nyoka kuwa mmoja wao. Sura hii inalijibu swali hilo, ila jibu linaanza kwa kulisahihisha. Kwa nyoka mzima mwenye afya, njaa ni hatari ndogo kuliko zote wakati mwenyewe yuko safarini. Kinachomuua ni joto, kukosa maji, siafu, dawa ya mbu na mlango uliofungwa vibaya. Na juu ya hayo yote, hofu ya watu alioachiwa.

Mfano wetu utakuwa Kapalata, mtaa wa Kisangani unaofahamika zaidi kwa kambi yake ya kijeshi. Sababu ya kuuchagua ni hii: vitabu vingi vya ufugaji wa nyoka vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa ajili ya nyumba zenye umeme usiokatika, majirani wasiojuana na safari zenye tarehe ya kurudi. Ushauri huo ukifika ukingoni mwa mto Kongo, sehemu yake haina kazi tena, na sehemu nyingine inaweza kumdhuru mnyama. Tutaupitia mmoja mmoja, tuone unaobaki.

Nyoka tunayemzungumzia

Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani, ambako hupenda kuwinda panya kwenye maghala ya mahindi. Hana sumu. Humkamata panya kwa meno madogo, akamzungushia mwili na kumbana mpaka afe. Mkubwa wake huwa na urefu wa mita 1 hadi 1.5, mwembamba, rangi ya machungwa au kahawia, na mgongoni ana mabaka mekundu yaliyozungushiwa wino mweusi. Tumboni ana miraba myeusi na myeupe. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, wengine zaidi. Ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi kuliko wote duniani, kwa sababu ni mtulivu, hali sana, na huzaliana kwa urahisi mikononi mwa watu, hivyo hakuna haja ya kumwinda porini.

Huku Kongo yeye ni mgeni. Anayefanana naye kwa maisha, ingawa si kwa rangi, ni nyoka wa nyumbani wa Afrika: kahawia, mwenye mistari miwili myepesi kila upande wa kichwa, anayeingia majumbani usiku kufuata panya. Naye hana sumu, naye hubana, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwa miaka mingi sasa. Karibu yote yatakayosemwa hapa yanawahusu wawili hao. Hayamhusu fira, kifutu wala nyoka yeyote mwenye sumu. Huyo hana nafasi katika nyumba ya watu, mwenyewe awepo au asiwepo.

Wapo watakaosema kwamba kufuga nyoka ni mambo ya Wazungu, na mjadala uishie hapo. Historia ya eneo letu inawakatalia. Usukumani, kusini mwa ziwa Victoria, kuna chama cha Bayeye, watu waliorithishana elimu ya kukamata nyoka, kuwatunza, kucheza nao ngomani na kutibu walioumwa. Kumbukumbu za ngoma hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Nairobi ina hifadhi ya nyoka kando ya Makumbusho ya Taifa tangu enzi za uhuru kukaribia. Watamu, pwani ya Kenya, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa mwaka 1980, ambalo pia hutoa sumu kwa ajili ya kutengenezea dawa na kufundisha watu kuhusu kuumwa. Meserani, nje ya Arusha, kuna hifadhi nyingine. Cha kuangalia katika mifano hiyo yote ni kwamba hakuna mahali ambapo nyoka ni siri ya mtu mmoja. Bayeye ni chama chenye mafunzo. Hifadhi zina wafanyakazi wanaopokezana. Mmoja akiondoka, elimu inabaki. Kwetu, anayetaka kufuga peke yake chumbani ndiye anayeanzisha jambo geni.

Njaa ni ya mwisho kwenye orodha

Mwili wa binadamu, mbuzi au kuku huchoma chakula mchana na usiku ili ubaki na joto lake. Nyoka hajitengenezei joto. Analichukua kutoka hewani, kwenye jiwe au kwenye ardhi aliyolalia. Gharama hiyo ikiondolewa, chakula anachohitaji ni sehemu ndogo tu ya kile anachohitaji mnyama mwenye damu moto wa uzito uleule. Ndiyo maana nyoka wa mahindi aliyekua hulishwa panya mmoja kila baada ya siku 10 hadi 14, na mwenye afya anaweza kukaa mwezi mzima bila kula na asidhurike. Mtoto wa nyoka ni tofauti: hula kila siku 5 hadi 7, na hastahili kuachwa muda mrefu. Anayejua kwamba atasafiri mara kwa mara achukue nyoka aliyekwisha kukua.

Hatari inayotokana na chakula, ajabu, hutoka kwa watu wema. Mwenye nyumba anajisikia vibaya kuondoka, basi anamlisha nyoka panya mkubwa asubuhi ya safari. Au anamwachia panya hai ndani ya sanduku awe akiba. Yote mawili ni makosa. Nyoka aliyetoka kula akisumbuliwa, au akipatwa na baridi au joto kali, hutapika, na kutapika kunamdhoofisha kuliko njaa ya wiki tatu. Panya hai naye hakai akisubiri kuliwa: akikosa chakula humtafuna nyoka, kuanzia mgongoni, na nyoka asiye na njaa humwacha amtafune. Mlo wa mwisho uwe siku 4 au 5 kabla ya kuondoka, nyoka ameshasaga na kunya, sanduku limesafishwa. Baada ya hapo anayebaki asilishe chochote, hata akiombwa na watoto wanaotaka kuona.

Kuna pia swali la panya atoke wapi. Vitabu vinasema nunua panya waliogandishwa, uwaweke kwenye friza. Kisangani umeme ukikatika usiku kucha, nyama ile huyeyuka, ikaganda tena, ikaoza kabla mtu hajagundua. Wengine watapendekeza njia ya mkato ya kutega panya wa nyumbani au wa msituni. Nashauri vikali isifuatwe. Panya wa nyumbani huenda amekula sumu ya dukani, na sumu hiyo itamfikia nyoka. Panya wa msituni ana minyoo, na zaidi ya hapo tuko katika nchi ya mpoksi: binadamu wa kwanza kutambuliwa na ugonjwa huo alikuwa mtoto wa Basankusu, mwaka 1970, na wanyama wanaotafuna, wakiwemo panya wakubwa na kuchakulo, ndio wanaoshukiwa kuutunza. Mwaka 2003 ulifika Marekani pamoja na panya walionunuliwa Ghana kwa biashara ya wanyama wa kufuga, na watu zaidi ya 40 wakaugua. Njia salama ni kufuga panya weupe wako mwenyewe, wachache, na kumlisha nyoka panya aliyeuawa muda huohuo. Asiyeweza kufuga panya hawezi kufuga nyoka.

Kwa ufupi: nyoka mzima anastahimili wiki tatu hadi nne bila mlo. Mlishe mapema, usimwachie kitu hai, usimpe panya wa kutega.

Joto la mabati

Kila kitabu cha nje kitakuambia ununue mkeka wa umeme wa kupasha joto, taa maalumu na kidhibiti, yaani kifaa kinachozima umeme joto likifika kiwango ulichochagua. Huko wanavihitaji. Nyoka wa mahindi anataka sehemu ya sanduku yenye nyuzi 28 hadi 30 za selsiasi mchana, na upande wa pili wenye nyuzi 23 au 24 za kupumzikia, na usiku anavumilia hadi 20. Sasa angalia Kisangani: iko nusu nyuzi tu kaskazini mwa ikweta, wastani wa joto lake ni takriban nyuzi 25 mwaka mzima, mchana hufika 30 hivi, alfajiri hushuka kwenye 20 au 21. Hali ya hewa ya mji wenyewe imeshafanya kazi ya mkeka. Hii ni faida kubwa kwa anayesafiri, kwa sababu kifaa cha kupasha joto ndicho kinachounguza nyoka wengi wenyewe wasipokuwepo: umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, kidhibiti kinaharibika, mkeka unawaka bila kuzimika.

Lakini joto lilelile lina upande wake wa pili. Nyumba nyingi za Kapalata zimeezekwa mabati, na nyingi hazina dari. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, hewa iliyo chini ya bati huzidi ya nje kwa mbali. Nyoka akikaa muda katika nyuzi zinazopita 35 yuko hatarini, na mwenye kufungiwa kwenye kioo hana pa kukimbilia. Porini angeingia shimoni. Hapa mwenyewe ndiye anayetakiwa kumpatia hilo shimo: sanduku liwekwe chini, kwenye meza fupi karibu na sakafu ya saruji, katika chumba ambacho jua la mchana halipigi ukuta wake, mbali na dirisha, na ndani yake kuwe na maficho mawili, moja kila upande, kama chungu kilichovunjika mdomo na kupinduliwa. Kipimajoto cha bei rahisi kibandikwe ndani. Wiki moja kabla ya safari, kisomwe kila siku saa nane mchana. Kikionyesha zaidi ya 32, chumba hicho hakifai, na hakuna mwangalizi atakayekifanya kifae.

Wapo wanaofunga chumba kizima, madirisha na mlango, kwa kuogopa wezi, halafu wanaacha nyoka humo. Chumba kilichozibwa chini ya bati kwa wiki mbili ni tanuri. Kama usalama unadai chumba kifungwe, nyoka ahamishiwe kwa mtu mwingine kabla ya safari.

Maji na unyevu

Nyoka anaweza kusubiri chakula, maji hawezi kuyasubiri. Bakuli liwe zito, la udongo au kioo kinene, asiweze kulipindua, na liwe pana kiasi cha yeye kujikunja ndani yake, kwani huingia kujipoza na anapokaribia kuvua gamba. Wengi huchafua humohumo, na maji yenye kinyesi katika joto la Kisangani huharibika ndani ya siku moja. Kwa hiyo kazi ya kweli ya anayebaki ni moja: kubadilisha maji kila siku ya pili. Mwenyewe akiondoka kwa siku 3 tu, mabakuli mawili yaliyojaa yanatosha, na ni afadhali sanduku lisifunguliwe kabisa.

Unyevu ni habari nyingine. Nyoka huyu anapenda hewa yenye unyevu wa wastani, na hewa ya Kisangani ina unyevu mwingi kupita huo karibu mwaka wote. Sanduku la kioo lililofunikwa juu huloa kwa ndani, matandiko hushika ukungu, na nyoka aliyelalia unyevu siku nyingi huota malengelenge tumboni au huanza kupumua kwa mdomo wazi huku povu likitoka puani. Sanduku la mbao lenye matundu ya wavu wa chuma pande mbili linafaa kuliko la kioo kitupu. Matandiko bora kwa anayesafiri ni magazeti ya zamani: hukauka upesi, huonyesha uchafu waziwazi, na mtu asiye na uzoefu anaweza kuyabadilisha. Randa za mbao kutoka kwa maseremala zinavutia kwa kuwa ni bure, lakini vumbi la mbao ngumu za msitu wetu linawawasha maseremala wenyewe puani, sembuse mnyama aliyelazwa juu yake.

Anayebaki aambiwe pia juu ya kuvua gamba. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba linalopitisha mwanga. Siku kadhaa kabla ya kuvua, jicho hilo hugeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, mwili hupauka, na nyoka hujificha. Asiyejua hudhani anakufa, akamtoa, akamwogesha, akampaka mafuta. Hana ugonjwa. Aachwe, maji yawepo, na baada ya wiki moja au mbili gamba litakutwa limeachwa zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani.

Siafu na dawa ya mbu

Mambo haya mawili huwezi kuyakuta katika kitabu kilichoandikwa kwa nchi za baridi, na kwetu ndiyo yanayoweza kumaliza mnyama usiku mmoja. Siafu wanapopita nyumbani, watu hutoka nje, mende na panya hukimbia, na asubuhi nyumba iko safi. Mnyama aliyefungiwa hana mlango wa kutokea. Watamwingia puani, machoni na chini ya magamba, na kilichobaki kitakuwa mifupa. Kinga yake wenye makabati ya chakula wanaijua: meza ya sanduku iwe na miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu, na meza isiguse ukuta wala pazia. Mwangalizi anapobadilisha maji ya nyoka, aongeze na ya makopo. Kopo lililokauka ni daraja.

Dawa ya mbu ni hatari inayokuja kwa nia njema. Dawa nyingi za kupuliza, na zile zinazopakwa kwenye vyandarua, ni za jamii moja ya sumu ambayo kwa binadamu haina madhara makubwa, lakini kwa nyoka huleta mtetemeko, kupinda shingo na kifo. Shangazi mwenye huruma akiona sanduku lenye matundu, atalifunika kwa chandarua ili mbu wasimsumbue mgeni; au atapuliza chumba jioni kama anavyopuliza vyumba vyote. Jambo hili liandikwe kwa herufi kubwa juu ya sanduku, kwa Kiswahili na Kilingala. Koili za kuchoma nazo ziwekwe chumba kingine.

Safari zisizo na kalenda

Miongozo ya nje huongea juu ya likizo ya siku 10. Kutoka Kisangani, mwenye haraka na fedha huruka kutoka uwanja wa Bangboka. Aliyebaki huteremka mto kwenda Kinshasa, kama kilometa 1,700, kwa boti za kusukuma majahazi au kwa balinieri, mashua ndefu za mbao zenye injini. Boti ikikwama kwenye mchanga wakati wa maji madogo, abiria hukaa siku au wiki. Barabara ya kuelekea Bafwasende na Mambasa nayo hutegemea mvua na usalama. Mwanajeshi aliyeambiwa ni mwezi mmoja anaweza kurudi baada ya mwaka. Hesabu ya busara ni kuzidisha maradufu muda uliokusudiwa, halafu kupanga kwa huo mpya.

Kwa hesabu hiyo, safari zinagawanyika hivi:

– Hadi siku 3: mabakuli mawili ya maji, makopo ya siafu yamejazwa, kufuli limefungwa. Mtu apite tu kutazama kwa nje.
– Hadi wiki 3: mwangalizi wa maji kila siku ya pili. Hakuna kulisha.
– Zaidi ya hapo, au safari isiyo na tarehe: nyoka ahamie kwa mtu aliyewahi kumlisha na kumshika, pamoja na panya wake. Kama mtu huyo hayupo, safari hiyo ilipaswa kufikiriwa siku nyoka aliponunuliwa.

Watu wanaobaki

Hapa ndipo penye uzito wa sura hii. Hofu ya jirani kwa nyoka haitokani na ujinga. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo duniani, wengi wao watu wa mashambani wa nchi za joto. Misitu inayouzunguka mji wa Kisangani ina fira wa msituni na kifutu wa Gabon anayelala katikati ya majani makavu asionekane. Mama anayelima mihogo hana wajibu wa kujifunza mabaka ya nyoka wa Marekani kabla ya kuinua jembe. Akimwona nyoka uani atampiga, na kwa maisha yake yote desturi hiyo imemlinda.

Kutokana na hilo inatoka kanuni ambayo mtu anayebaki hana budi kuishika: mwenyewe akiwa safarini, kila nyoka aliye nje ya sanduku ni wa porini, hata akifanana na yule wa ndani. Mwangalizi asimguse. Aangalie sanduku kwanza. Kama wa kufugwa yumo, jibu limepatikana. Kama hayumo, apige picha kwa simu akiwa mbali, amtumie mwenyewe, na watoto watolewe. Kumpoteza mnyama ni hasara, lakini mwangalizi kuumwa na fira kwa kudhani anamrudisha mnyama wa rafiki yake ni msiba wa kuepukika. Njia bora ni asitoke kabisa. Nyoka hupita popote kichwa chake kinapopita, na husukuma kifuniko usiku kucha bila kuchoka. Kifuniko cha kuegeshewa jiwe si kifuniko. Bawaba mbili na kufuli lenye ufunguo ndio mwanzo.

Kuna hofu ya pili, na ni nzito zaidi. Katika mji ambao maneno ya uchawi yanaweza kumtoa mtoto kwao, nyoka aliyekutwa amefichwa chumbani si nyoka tu. Mtoto aliyeonekana akimpelekea maji, au bibi anayelala chumba cha pili, anaweza kuitwa ndoki, yaani mchawi, siku mwenyewe hayupo kueleza lolote. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini sheria hufika baada ya mtoto kupigwa. Kwa hiyo kazi ya nyoka isipewe mtoto, hata yule anayeipenda. Pia watoto wadogo, wajawazito na wazee huambukizwa kwa urahisi bakteria wa salmonela wanaobebwa na nyoka hata akiwa mzima, na kila aliyegusa sanduku au bakuli lake anapaswa kunawa kwa sabuni.

Wafugaji wengi hulijibu tatizo hili kwa kuficha: wanasema ukiwaambia majirani, watamuua. Inawezekana. Lakini hebu tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho. Siri ya nyoka hudumu maadamu mwenyewe yupo kufunga mlango. Akiondoka, kuna fundi wa bati, kuna moto, kuna mwizi, kuna mtoto mdadisi. Siri itafichuka katika siku ambayo hakuna anayeweza kuitetea, na hasira haitaishia kwa mnyama. Jirani atakayemuua nyoka baada ya kuambiwa angemuua pia baada ya kumgundua, tofauti ikiwa kwamba wa pili angekuwa na haki ya kujiona amedanganywa. Afadhali kusikia hapana mapema. Wenye parseli, yaani kiwanja mnachoishi pamoja, waambiwe. Mkubwa wa mtaa aambiwe. Waonyeshwe sanduku, kufuli na mnyama mwenyewe akiwa ndani. Wakikataa, wamekataa, na wana haki, kwa sababu ndio watakaobaki naye.

Juu ya sanduku pabandikwe karatasi yenye mambo machache tu: huyu hana sumu, usimfungue ila kwa maji, usimlishe, usipulize dawa, usifunike chandarua, maji ya bakuli na ya makopo kila siku ya pili, namba ya simu ya mwenyewe na ya mtu wa pili. Mengine yote ni ya mwenyewe kuyajua.

Na akishindwa kabisa?

Baadhi watasema kuna njia rahisi: mwenyewe akihama, amwachie nyoka msituni, Mungu atamlisha. Kwa nyoka wa mahindi, Kisangani ni mahali pabaya sana pa kufanya hivyo, kwa sababu ileile iliyomfanya asihitaji mkeka wa umeme. Hali ya hewa inamfaa, panya wapo. Nyoka wa aina hii waliotoroka au kuachiwa wameshajenga makazi katika visiwa vya Karibi, kama Grand Cayman, wakila wanyama ambao hawakuwahi kuwajua. Florida inaendelea kuhangaika na chatu wa Asia walioanza hivyohivyo, kama wanyama wa kufuga waliowashinda wenyewe. Msitu wa Tshopo, jimbo lenye mji wa Kisangani, una nyoka wake wa kutosha, kila mmoja na kazi yake. Nyoka wa nyumbani wa Afrika, naye, asitolewe porini kwa kuwa tu ni wa hapa. Aliyekamatwa mkubwa mara nyingi hukataa kula, ana minyoo, na kila panya ambaye angemla huko atabaki shambani.

Anayeshindwa kumtunza amkabidhi mfugaji mwingine, au amkabidhi daktari wa mifugo amuue bila maumivu. Neno hilo ni zito, lakini ni la haki kuliko kumwachia mnyama mgeni katika msitu usio wake, au kumwacha afe kwa joto katika chumba kilichofungwa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta nyoka, tafuta watu. Andika majina ya watu wazima wawili wanaoishi karibu nawe, waliomwona mnyama wa aina hii, waliokubali kwa hiari yao, na ambao majirani wanawaamini. Ukiyapata, nunua sanduku, kufuli na makopo manne, kisha nyoka. Usipoyapata, usimlete.